Mwacheni Dogo na Minong'ono Yake

Khaa! Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, unamwaga kahawa ya Mhabeshi kwa kucheka eti dogo analala akinong'onezwa na simu! Nasonya mara ya pili, na msonyo huu ni wenu nyote mliokuwa mkipokezana simu ya mtoto wa watu hapa Johannesburg, kona ya Jeppe na Delvers, kana kwamba mmekamata mwizi. Simu mmemrudishia, sawa. Lakini aliondoka bila kumaliza kikombe chake, na tangu jana soksi zake na chaja zake anazitandaza upande wa pili wa barabara. Hilo hamkuliona?

Sasa kaeni, tusemezane. Mzee wa Tanga, najua utanikatiza, ila leo nivumilie kidogo.

Kwenye ile simu mlimwona mwanamke ameshika brashi ya nywele ya mti, anaigonga kwa kucha, taratibu, to-to-to. Kisha anasogea karibu na kipaza sauti, anasema kwa sauti ya chini maneno ya kawaida kabisa: siku yako ilikuwaje, umechoka, hebu legeza mabega. Anajifanya anakupima macho. Anajifanya anakuchana nywele. Anakunja taulo, anafungua karatasi ya pipi polepole. Nusu saa nzima hakuna kingine. Mmoja wenu akasema hayo ni mapepo, mwingine akasema ni picha chafu zimevishwa nguo, na wote mkaangua kicheko.

Vitu hivi vina jina, herufi nne tu, ASMR. Jina lenyewe alilitunga Mmarekani, Jennifer Allen, mwaka 2010. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiandikiana kwenye intaneti, kila mmoja akishangaa kwamba kumbe si yeye peke yake: ule msisimko mwepesi unaoanzia kisogoni mtu akikunong'oneza au akikushika nywele, ukashuka hadi kwenye uti wa mgongo, mwili mzima ukalegea. Allen akachagua jina lenye sauti ya kitaalamu makusudi, ili watu waweze kulizungumza jambo lao bila kuona haya. Tangu mwanzo, basi, wenye hali hii walishajua kwamba watachekwa. Walichokuwa hawakijua ni kwamba mtawacheka ninyi, ambao wengine wenu bila visomo vya Abdul Basit kwenye simu hampati usingizi.

Hilo la uchafu nalimaliza haraka. Emma Barratt na Nick Davis wa Chuo Kikuu cha Swansea, kule Wales, walichapisha utafiti mwaka 2015. Waliwauliza watu 475 wanaotazama video hizi kwa nini wanazitazama. Asilimia 98 walisema wanatafuta utulivu. Asilimia 82 wanatafuta usingizi. Asilimia 70 wanapunguza msongo wa mawazo. Wanaozitumia kwa ashiki walikuwa asilimia 5. Huko China mwaka 2018 wakuu wa kupambana na picha chafu waliziamuru kampuni za mtandao zizifagie video hizi, kwa kuwa wapo walioingiza uchafu wao chini ya jina hilo, na ni kweli wapo. Lakini mtu akiuza gongo ndani ya chupa ya maji, utawakataza watu maji? Basi.

Mzee wa Tanga keshainua kidole. Anasema hao 475 walikuwa tayari ni wapenzi wa hizo video, kwa hiyo wangesema nini tena? Ni kweli, mzee wangu, na nakuheshimu kwa swali hilo. Ndiyo maana ilibidi watu wengine waache maneno wapime mioyo. Mwaka 2018 Giulia Poerio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliwaweka watu maabara, wakawafunga vipimo, wakawaonyesha video. Wale wenye kuusikia ule msisimko, mapigo ya moyo yalishuka kwa zaidi ya matatu kwa dakika. Wasiousikia, hawakupata nafuu hiyo. Moyo haujui kuongopa ili umpendeze mtafiti. Ukiwa umelala chali, unasikia hatua za watu kwenye korido na hujui ni nani, mapigo matatu pungufu ni kitu.

Nami nasema wazi: mimi mwenyewe nimeisikiliza ile video nusu saa na sikusikia chochote. Kisogo kimya. Wako wengi kama mimi, na wako wengine ambao sauti ya mtu kutafuna karibu na sikio inawapandisha hasira hadi watamani kutoka chumbani. Maumbile ya watu yanatofautiana. Ila kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mimi sitamwambia dogo kwamba kinachomtuliza hakipo kwa sababu tu mimi hakinifikii.

Tena kuna jambo lililonigusa zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Northumbria walitoa matokeo yao: watu wanaousikia msisimko huu kwa kawaida ndio wenye wasiwasi mwingi zaidi kuliko wengine, na baada ya kutazama video wasiwasi wao ulipungua. Mmesikia? Mwenye kiu ndiye aliyekiona kisima. Ninyi mlimcheka mtu ambaye huenda ndiye anayebeba mzigo mzito kuliko wote wanaokunywa kahawa hapa.

Twende basi hadi Noord, kwa yule Mkongo wa Bukavu mwenye hema la kunyolea kando ya stendi. Mnamjua. Umeme wake ni betri ya gari iliyowekwa chini ya kiti. Nje, madereva wa kombi wanapiga honi bila kupumzika, wapiga debe wanaita Alexandra, wanaita Soweto, mama anauza mahindi ya kuchoma, polisi wanapita. Ingia ndani, kaa. Anakuzungushia karatasi shingoni, anaifunga kidogo kidogo isikubane. Anafunika kitambaa. Anakuinamisha kichwa kwa vidole viwili tu, hakusukumi. Mashine inaunguruma nyuma ya sikio, inasimama, inarudi. Kisha brashi laini yenye poda inapita shingoni, na spiriti baridi kwenye kisogo, na mwisho kwa viganja vyote viwili anakukamata kichwa, anakubana taratibu kama mtu anayepima tikiti. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima wakisinzia kwenye kiti kile. Walinzi wa usiku, wabeba mizigo, jamaa wenye makovu usoni. Katikati ya Noord! Mkongo huwa anawaacha dakika mbili tatu kabla ya kuwaamsha, hata kama foleni ipo.

Hilo ndilo dogo analolitafuta kwenye simu. Wale watu wa Swansea waliuliza pia ni kitu gani hasa kinacholeta msisimko. Asilimia 75 wakataja kunong'onezwa. Asilimia 69 wakataja kushughulikiwa mtu binafsi, yaani mtu mmoja amekuelekea wewe, anakuangalia wewe, hana haraka. Video nyingi za aina hii zinaigiza kinyozi, msusi, daktari wa macho, mtu anayekukagua nywele. Sisi tumeyajua hayo kabla ya simu. Nani hapa hakuwahi kulazwa kichwa mapajani mwa mama au shangazi akitafutwa chawa ambao hata hawakuwapo? Msichana gani wa kwetu hakusinzia akisukwa barazani, kichwa kikavutwa kirudi? Bibi harusi Unguja husingwa kwa mikono ya wanawake waliomzidi umri, siku baada ya siku, akanukia hadi mlango wa pili. Mwili wa mtu aliyelelewa namna hiyo unakumbuka. Kisha unamleta Jo'burg, unamweka kwenye ghorofa ambalo wapangaji wametenganishwa kwa mbao nyembamba na mapazia, ambako kwa miezi hakuna anayemgusa ila anayempekua mifuko.

Dogo ametoka Kigoma. Aliniambia, siku ambayo hamkuwa mkicheka, kwamba hata hizo za kunong'ona hazipendi sana. Anayoipenda zaidi ni mvua juu ya bati. Tu. Saa nane za mvua juu ya bati, hakuna mtu anayeongea. Pale anapolala juu yake kuna sakafu ya zege na juu ya zege hiyo familia nyingine, na juu yao nyingine tena. Mvua ya Jozi ya Januari, yenye radi ya kutisha, yeye anaiona dirishani bila kuisikia paani. Kwa hiyo anainunua.

Naam, anainunua, na hapa nasonya kwa upande mwingine kabisa. Kutazama video ya ubora wa kati kunaweza kula nusu GB kwa saa. Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa ripoti yake kuhusu bei za data na kusema kitu ambacho kila mchuuzi wa Jeppe alikijua: maskini anayenunua bando kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila megabaiti kuliko tajiri anayenunua kwa jumla. Aprili 2020 Vodacom ikashusha GB 1 ya siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99. Tukashukuru. Lakini hata randi hizo 99 zilikuwa soksi ngapi? Na dogo anauza jua likiwaka, anakimbia gari la manispaa likija kunyang'anya bidhaa, jioni anakata sehemu ya faida anakwenda kununua utulivu ambao mji ungepaswa kumpa bure, walau baada ya saa nne usiku. Ushauri wangu kwake ulikuwa mdogo: pakua sauti peke yake ukiwa mahali penye mtandao wa bure, zima kioo, maana mwanga wa kioo nao unafukuza usingizi. Wapenzi wa vitu hivi wenyewe wanasema ukivisikiliza kila usiku mfululizo mwili unazoea, msisimko unapotea. Basi pumzisha siku mbili tatu, urudi.

Mama, ongeza buna hapo, na huyu wa Tanga mwekee sukari. Anapokasirika huwa hajala.

Sasa mzee anasema: kama inamsaidia, kelele zako za nini? Si aendelee tu? Hapo ndipo penyewe. Inamsaidia, ila tupime inamsaidia kwa kiasi gani. Katika ule utafiti wa Swansea, waliokuwa na dalili za sonona walisema hali ya moyo ilipanda wakitazama, kisha ikaanza kushuka tena ndani ya saa chache. Saa chache! Saa chache ni usingizi wa usiku mmoja, na usingizi wa usiku mmoja unaweza kumwokoa mtu asifanye la kijinga kesho yake. Siudharau. Lakini asubuhi karatasi ya hifadhi iliyokwisha muda bado imekwisha muda. Nyumbani bado wanapiga simu kuuliza hela ya ada. Kaka yake bado hajulikani alipo tangu avuke mpaka wa Beitbridge. Hakuna brashi ya mti itakayoyagonga hayo yakaondoka.

Na nyinyi mnajua kwa nini hendi kliniki. Tumeona wenyewe jinsi watu wa Operation Dudula, kundi la kuwapinga wageni, walivyosimama mlangoni mwa kliniki za umma wakidai vitambulisho na kuwarudisha wagonjwa, wajawazito wakiwamo. Novemba 2025 Mahakama Kuu hapa Johannesburg iliwapiga marufuku kufanya hivyo. Hukumu nzuri, naisifu kwa moyo wote. Lakini hofu haisomi hukumu. Mtu aliyerudishwa mlangoni mara moja na homa, atarudi kwenda kusema "silali, moyo unanidunda"? Hata wenyeji wenyewe wa jimbo hili wana kidonda chao. Mwaka 2016 serikali ya Gauteng iliwatoa wagonjwa wa akili kwenye vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi, ikawatawanya kwenye nyumba za mashirika yasiyo na uwezo, na watu 144 wakafa, wengine kwa njaa na kiu. Jaji Dikgang Moseneke aliwasikiliza ndugu zao, akatoa uamuzi mwaka 2018. Mkoa uliomtendea hivyo raia wake mgonjwa, mhamiaji asiye na karatasi atauamini vipi na siri za kichwa chake? Anaiamini simu. Simu haimuulizi pasi.

Hiyo ndiyo sababu sitaki anyang'anywe. Nataka apate zaidi ya hiyo.

Sogeeni, na hili nalisema kwa sauti ya chini, si kwa sababu ya msisimko. Ni kwa heshima ya waliotangulia. Shukeni Delvers hii hii tuliyoketi, mkivuka Commissioner, mkivuka Marshall, mtafika Albert Street. Pale ndipo penye jengo la Usindiso. Enzi za makaburu lilikuwa ofisi ya pasi, Mwafrika akipanga foleni kuomba ruhusa ya kuwa mjini. Baadaye likawa makazi ya wanawake waliokimbia vipigo, kisha likatelekezwa, likajaa watu kama sisi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, kama saa saba hivi, moto ulianza. Ndani kulikuwa na vibanda vya mbao, na milango ya chuma iliyofungwa. Walikufa watu 76, Wamalawi wengi, Wasauzi wenyewe, na Watanzania. Tume ya Jaji Sisi Khampepe ilisema mji wa Johannesburg, mwenye jengo, unabeba lawama kwa kuliacha lifike hapo. Baadhi yetu tulisimama kwenye mkanda wa polisi asubuhi ile. Sina haja ya kuwakumbusha harufu.

Haya, sasa fikirini. Kijana amelala ghorofa ya tatu, nyuma ya mbao, hedifoni zimeziba masikio yote mawili, mvua ya bati inanyesha kichwani mwake. Saa saba usiku mtu anapiga kelele kwenye ngazi. Nani atamwamsha?

Wale wa Sheffield na Swansea hawakuliuliza swali hili, na siwalaumu. Kwao mtu akiziba masikio usiku anaziba kelele za gari na mke anayekoroma. Huku kwetu masikio ndiyo mlinzi tuliyebaki naye. Mei 2008, watu 62 walipouawa kwenye vurugu za kuwafukuza wageni, tulilala na viatu miguuni na sikio mlangoni kwa wiki kadhaa, na wengine wetu hatujawahi kulivua lile sikio hadi leo. Hii ndiyo maana ya kusema mtu hana usingizi Jozi. Mwili wake unakataa kulala kwa sababu unadhani kulala ni hatari, na mara nyingine, jamani, mwili uko sahihi. Dogo anautuliza mwili unaojaribu kumlinda. Anahitaji kuutuliza, la sivyo atakongoroka, ataanza kugombana na wateja, atatafuta nyaope, ile dawa ya kulevya, kama tulivyoona kwa wengine. Lakini akiutuliza kabisa, jengo likiwaka ndiye wa mwisho kujua.

Ndiyo maana nasema hili si suala la dogo na simu yake. Utulivu wa mtu mmoja kwenye jengo kama lile unategemea kama kuna mwingine aliye macho. Mtoto hulala fofofo mapajani mwa mama kwa kuwa mama yuko macho. Yule anayesinzia kwenye hema la Mkongo anasinzia kwa kuwa Mkongo amemsimamia nyuma na wembe uko mkononi mwa mtu anayemwamini. Video inaweza kuleta sauti ya mtu aliye macho kwa ajili yako. Haiwezi kuleta mtu huyo.

Mzimbabwe mmoja aliliona hili zamani. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, mwaka 2006, nchi ikiwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwenye vidole. Alimpoteza mgonjwa kijana aliyeshindwa kumfikia kwa kukosa nauli ya basi, dola 15 hivi. Akaenda Mbare, Harare, akachukua kina bibi 14, akawafundisha kusikiliza kwa utaratibu, akawaweka kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu anakuja, anakaa, bibi anamsikiliza, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Mwaka 2016 majaribio yao yalichapishwa kwenye jarida la madaktari wa Marekani, yakionyesha kwamba waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika Malawi, na Zanzibar limefika. Bibi ananong'ona? Ananong'ona inapobidi. Tofauti yake na simu ni kwamba bibi akikuuliza siku yako ilikuwaje, anangoja jibu.

Na sisi tumekaa wapi saa hizi? Kwenye benchi. Tuna benchi, tuna kahawa, tuna wazee. Mtoto akaja na kidonda chake mkononi, tukampokea kwa kicheko. Mtanisamehe, ila hapo nimeona aibu ya sisi sote.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili, na la tatu nalileta kwenu.

La kwanza, nimemwelekeza Braamfontein, ng'ambo ya reli, kwenye kituo cha CSVR, kilichoanzishwa 1989, wanaohudumia watu waliopitia ukatili, wakimbizi na waomba hifadhi wakiwamo. Nimemwambia nitakwenda naye, maana najua hataingia peke yake. Na kuna simu ya bure ya SADAG, shirika la kuwasaidia wenye sonona na wasiwasi lililoanzishwa hapa hapa Johannesburg mwaka 1994, kwa siku ambayo usiku utamzidi. Namba ni 0800 567 567. Iandikeni hata ninyi, msijifanye chuma.

La pili, nimemtafutia kispika kidogo, kile cha kuwekwa kwenye mto, sauti ya chini. Masikio yabaki wazi. Mvua ya bati ataisikia vilevile. Na jirani yake wa upande wa mbao, yule dada wa Lubumbashi anayesuka Small Street, amesema hata yeye anaipenda, mwanawe analala upesi. Kumbe walikuwa wawili ukuta mmoja, kila mmoja anakosa usingizi kivyake.

La tatu ni zamu. Jengo analolala dogo lina watu wetu zaidi ya ishirini kwenye ghorofa mbili. Nataka kila usiku wawili wawe macho, mmoja ngazini, mmoja karibu na lile lango la chini, na ufunguo wa lango uwe kwa aliye macho, asiondoke nao mtu. Kuanzia saa tano hadi saa nane, kisha wabadilishane hadi alfajiri. Ndoo za mchanga kila korido. Majiko ya mafuta ya taa yazimwe kabla zamu haijaanza, na mishumaa hatutaki kabisa. Mlinzi wa usiku wa duka la simu amejitolea siku zake za mapumziko. Mkongo wa Noord atachukua Jumamosi. Mimi nimeandikwa leo.

Mzee wa Tanga, wewe usingizi wako ni wa kuku, unaamka saa tisa kuswali tahajudi hata hivyo. Nimekuandika Jumatano na dogo. Mtakaa wote wawili ngazini, na umwombe radhi kabla zamu haijaanza.